Mgeni wa Tawi Kavu: Kumkaribisha na Kumpiga Picha Kigong'ota Nyumbani

Kijitabu kwa wakazi wa Biharamulo na Ngara

Sauti ndiyo hutangulia. Uko jikoni unachochea moto, na juu ya mwembe unasikia ko-ko-ko-ko, kama fundi anayepigilia misumari midogo, halafu kimya. Ukitoka ukatazama kwenye majani hutaona kitu. Tazama tawi kavu, lile ambalo mzee wa nyumba anasema tangu mwaka jana kwamba atalikata. Yuko hapo, mdogo kuliko tetere, amejishikiza wima, mkia ameuegemeza kwenye gome kama mguu wa tatu. Huyo ni kigong'ota. Wengine humwita kigogota, na jina lolote kati ya hayo limetoka kwenye kazi yake.

Watu wengi hutuuliza wamwekee nini ili aje uani wampige picha. Marekani na Ulaya jibu ni jepesi: wenzetu hutundika donge la mafuta ya ng'ombe au karanga, kwa kuwa wakati wa theluji wadudu huadimika na vigong'ota wa kule wamezoea kula hivyo. Huku kwetu usipoteze mafuta yako. Ukiyatundika kwenye mwembe watakuja kunguru, paka wa jirani na siafu. Kigong'ota wa Biharamulo anataka chungu, mchwa na funza walio ndani ya mti, na hao wapo mwaka mzima. Sahani yake ni mti mkavu wenyewe.

Unayeweza kukutana naye

Wapo wa aina kadhaa, ila uani utamwona zaidi yule mdogo, ambaye wataalamu humwita Dendropicos fuscescens. Urefu wake ni sentimita 15 hivi. Mgongo una mistari ya weusi na weupe wa manjano, kifua kina michirizi. Dume ana wekundu kisogoni, jike ana weusi. Huyu hapendi magogo makubwa; huzunguka kwenye vijiti na matawi membamba, na baada ya mavuno hushuka hadi kwenye mabua makavu ya mahindi. Simama pembeni ya shamba umtazame. Hupanda bua moja kutoka chini, anagusagusa kwa mdomo kama mganga anayepapasa tumbo la mgonjwa, anasimama kwenye pingili, anatoboa, na ulimi mrefu wenye utando wa kunata unaingia na kumtoa funza. Mkulima aliyesumbuliwa na bungua wa mabua hana sababu ya kumfukuza.

Kwenye miombo, penye mininga na mitundu, yupo mkubwa zaidi mwenye alama nyeusi mashavuni mithili ya ndevu. Urefu wake hufika sentimita 24 au 25. Ugongaji wake unasikika mbali: huanza kwa kasi, kisha unapungua na kumalizika kwa mapigo machache yaliyoachana. Ukiusikia mara moja hutamchanganya na mwingine. Ugongaji huo si wa kutafuta chakula. Ni tangazo kwamba eneo hili lina mwenyewe, ndiyo maana huchagua tawi linalolia vizuri.

Mti mkavu ni nyumba

Wilaya hizi zinaujua uchungu wa kupoteza miti. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa malaki na kujaa Benaco na kambi nyingine za Ngara, kuni za kupikia zilitoka kwenye miti iliyokuwa karibu. Watu walikuwa na njaa, na hakuna wa kuwalaumu. Hata leo, bila kambi, mama anayetafuta kuni huanza na mti mkavu, na ana haki: ni mwepesi kukata na unawaka bila moshi mwingi. Tatizo ni kwamba mti huohuo ndio ghala la kigong'ota na ndio chumba chake cha kulala.

Kigong'ota hutoboa tundu lake mwenyewe kwenye mti uliokufa au uliolainika ndani. Akihama, wengine hurithi, akiwamo goregore, ambaye hana mdomo wa kuchimbia mti mgumu. Wafugaji nyuki wa Biharamulo wanamjua mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Mlembe hajengi kiota. Hutaga kwenye mashimo na matundu ya ndege wengine, kigong'ota akiwamo, na kinda lake huanguliwa na ndoano mdomoni ambayo hulitumikia kuua makinda ya mwenyeji. Si tabia ya kupendeza, lakini anayemhitaji mlembe anamhitaji pia fundi wa matundu.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo: bakiza mti mmoja mkavu, au tawi moja nene. Ukihofia upepo wa masika utauangusha juu ya bati, punguza matawi ya juu na uache shina la mita tatu. Kama unaogopa mchwa wasihamie kwenye boriti, chagua mti ulio hatua ishirini au zaidi kutoka nyumbani. Usinyunyizie dawa ya wadudu hapo. Utakuwa umemwaga sumu kwenye chungu cha mgeni.

Asiye na mti mkavu anaweza kusimamisha gogo. Tafuta shambani kwako gogo lenye gome na matobo ya wadudu, urefu wa kimo chako, ulifunge wima kwenye nguzo. Usiende kulichukua ndani ya msitu wa hifadhi wala Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Kigae chenye maji ya kina cha vidole viwili kitaleta tetere na chozi. Kigong'ota mwenyewe huja kunywa kwa nadra. Uwe na subira ya wiki kadhaa.

Picha

Kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Mwanga mzuri ni kuanzia hapo hadi saa tatu hivi. Baadaye kivuli kinakuwa kikali na ndege anaonekana mweusi. Kaa jua likiwa mgongoni kwako. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndicho kipindi rahisi zaidi, kwani miti mingi ya miombo imepukutisha majani.

Kigong'ota hupanda mti kutoka chini kwenda juu, kisha huruka hadi sehemu ya chini ya mti unaofuata. Usimkimbize na kamera. Ielekeze juu kidogo ya alipo umsubiri, atakufikia. Akikuona huzunguka nyuma ya shina na kuchungulia. Hapo muombe mwenzako azunguke taratibu upande wa pili. Ndege atarudi upande wako.

Mwenye kamera aweke kasi ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, la sivyo kichwa kitatoka kama ukungu. Mwenye simu akisogeza sana picha kwa skrini huharibika; afadhali aegemeze kamera ya simu kwenye jicho la darubini iliyowekwa imara. Mbingu ikiwa nyeupe nyuma ya ndege, gusa skrini palipo na ndege na uongeze mwanga.

Usimchezee sauti yake iliyorekodiwa, maana ataacha kulisha makinda aje kupigana na simu. Ukiona anaingia tunduni na chakula mdomoni, rudi nyuma na usipige picha kwa taa. Na ukiwa karibu na Rusumo au Kabanga, usielekeze kamera kwenye vituo vya mpaka.

Picha hata isiyopendeza ina kazi. Iweke kwenye eBird, mfumo wa bure wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ukiandika kijiji na tarehe.

Na kabla hujalipandia lile tawi kavu na panga mkononi, lizunguke kwanza kwa macho. Ukiona tundu la mviringo, upana wa vidole viwili, na chini yake vipande vipya vya mti vimemwagika ardhini, shuka. Kuna watu ndani.