Mashine Iliyo Nyuma ya Jina la Saa

Marehemu baba yangu, mkulima wa kahawa wa Rau, Moshi, aliniachia saa ya mkono ya kutia ufunguo. Usoni pana jina la kampuni ya Uswisi. Kamani ilipokatika, fundi saa wa mjini aliufungua mgongo, akanipa lenzi nichungulie. Chini ya gurudumu la mizani palikuwa na namba na herufi mbili, AS. Jina la usoni halikuwamo. Je, baba alidanganywa?

La. AS ni A. Schild, kiwanda cha mji wa Grenchen. Huko Uswisi kazi ya saa iligawanywa tangu zamani: huyu hutengeneza mashine ghafi, yaani bamba, madaraja na magurudumu, yule huimalizia, akaitia uso na gamba, akaiuza kwa jina lake. Kiwanda cha mashine ghafi cha Fontainemelon kilianzishwa mwaka 1793, na mwaka 1926 kiliungana na Schild na A. Michel kuunda shirika la Ébauches SA.

Wala hayo si ya saa za wakulima tu. Baadhi ya saa za Rolex Daytona zilizoagizwa Oman katika miaka ya 1970 zina alama ya jambia usoni, na bei yake leo inatisha. Lakini mashine yake ilitokana na Valjoux. Mwaka 1988 Rolex iligeukia mashine ya Zenith, ikaipunguza mapigo kutoka 36,000 hadi 28,800 katika saa moja. Mashine yake yenyewe ya Daytona ilitoka mwaka 2000.

Kanuni ni ile ile kwa tajiri na mkulima. Kamani iliyokazwa hutunza nishati, magurudumu huisafirisha, nanga huiachilia jino kwa jino, kwa kufuata myumbo wa gurudumu la mizani. Saa ya baba hupiga mara 18,000 katika saa moja, yaani 5 kila sekunde. Gurudumu linaloshikwa na nanga lina meno 15, na kila jino hutoa mapigo mawili. Basi huzunguka mara moja kila sekunde 6. Wanafunzi na wakokotoe: lenye meno 20, kwa mapigo 28,800, litatumia sekunde ngapi?

Fundi yule hakulijali jina la usoni. Alinakili namba iliyo kando ya AS, akatafuta kamani inayolingana nayo, na saa inakwenda.