Kalebu na Barzilai: Somo juu ya Kupima Nguvu za Mzee Mgonjwa

Soma kwanza: Yoshua 14, 6–12, 2 Samweli 19, 31–39.

Katika Maandiko twawakuta wazee wawili ambao miaka yao yakaribiana, lakini nguvu zao hazifanani. Kalebu alikuwa na miaka 85, naye alimwendea Yoshua kuiomba nchi ya milima, penye Waanaki na miji yenye maboma, kwa kuwa alijiona bado aweza kwenda vitani kama siku zile Musa alipomtuma. Barzilai wa Gileadi alikuwa na miaka 80, yaani mdogo kuliko Kalebu. Mfalme Daudi alitaka kumchukua Yerusalemu amlishe, lakini mzee huyu alikataa kwa adabu. Alieleza wazi ya kuwa haonji tena utamu wa chakula, wala hasikii vema sauti za waimbaji. Akaomba arudi afie kwao, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Daudi hakumlazimisha, wala hakumdharau. Alimbusu, akambariki.

Basi neno tulitakalo mwezi huu ni hili: hesabu ya miaka haituambii nguvu za mtu. Neno hili lina kazi kubwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambako wazee wetu wengine hulazwa, nasi huitwa kujibu maswali ya daktari.

1. Msaada wenye uchungu

Katika chumba hicho hulazwa wale ambao mapafu, moyo au figo zao zashindwa kazi. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipoenea mjini Copenhagen, nchi ya Denmark, daktari Bjørn Ibsen alionyesha ya kuwa mgonjwa asiyeweza kupumua aweza kupewa hewa kwa mpira uliotiwa kooni, mchana na usiku, hata nguvu zake zirudi. Ndipo vyumba vya namna hii vilipoanza kuenea, na leo mashine hufanya kazi iliyofanywa kwa mikono siku zile.

Wengi wameokoka hivyo, nasi twamshukuru Mungu. Lakini msaada huu una uchungu wake. Mgonjwa hulala na mpira kooni, hupewa dawa za usingizi, misuli yake hupungua upesi, na pengine akili yake huvurugika kwa siku kadhaa. Mwenye akiba ya nguvu aweza kuipita taabu hiyo na kurudi kwake. Asiye na akiba aweza kufa humo, au kutoka akiwa hawezi tena kujilisha wala kusimama. Kwa hiyo daktari mwema hataki kujua ugonjwa tu, ataka kujua na akiba.

2. Udhaifu wa uzee ni nini?

Si ugonjwa mmoja, wala si uzee wenyewe. Ni kama ghala iliyobaki na nafaka kidogo. Mwaka wa mvua njema hakuna ajuaye. Mvua ikikosa mara moja, nyumba nzima yaona njaa. Vivyo hivyo mzee aliyedhoofika aweza kukaa vema siku za afya, lakini homa ndogo au kuanguka mara moja humlaza kabisa.

Mwaka 2001 daktari Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja dalili tano: kukonda bila kukusudia, kuchoka mno, mkono kulegea katika kushika, mwendo kuwa wa polepole, na kazi za mwili kupungua. Mwenye dalili tatu au zaidi walimhesabu kuwa amedhoofika.

Lakini mtu asiyejitambua hawezi kutembezwa wala kuambiwa ashike kitu kwa nguvu. Kwa hiyo katika vyumba vya mahututi hutumika sana kipimo kingine, kilichotolewa mwaka 2005 na daktari Kenneth Rockwood na wenzake, wa mji wa Halifax, nchi ya Kanada. Kwanza kilikuwa na ngazi 7, baadaye zikawa 9. Ngazi ya 1 ni mtu mwenye nguvu sana. Ngazi ya 4 ni yule anayejitegemea bado, lakini amepungukiwa na mwendo. Ngazi ya 5 ahitaji msaada katika mambo kama fedha, dawa na safari. Ngazi ya 6 ahitaji msaada katika kazi zote za nje na za kutunza nyumba, na mara nyingi katika kuoga. Ngazi ya 7 hutunzwa mwili wake wote na wengine, na ngazi ya 8 ni vivyo hivyo, naye akaribia mwisho wa maisha. Ngazi ya 9 ni mwenye ugonjwa wa kufa ambaye hatazamiwi kuishi miezi 6, hata kama bado ajitegemea. Tangu ngazi ya 5 mtu huhesabiwa kuwa amedhoofika.

3. Ushuhuda wa kweli

Hapa yatupasa kusikia vizuri. Daktari hapimi jinsi mgonjwa alivyo leo kitandani, kwa maana hapo hata Kalebu angeonekana dhaifu. Auliza jinsi alivyokuwa kama wiki mbili kabla ya kuugua. Je, alikwenda ibadani kwa miguu yake? Alipika na kuoga mwenyewe? Alizihesabu fedha zake? Alizikumbuka dawa zake? Na kwa kuwa mzee hawezi kusema, sisi ndugu zake ndio mashahidi.

Basi twaweza kukosa kwa njia mbili. Mmoja atoka mbali, hajamwona baba tangu miaka mitatu, asema kwa upendo na kwa aibu, "Baba ana nguvu, alima shamba lote." Mwingine amechoka kuuguza, au afikiri habari za mali, asema, "Mzee huyu amekwisha zamani." Wote wawili wavunja amri ya nane. Wa kwanza aweza kumtia baba yake katika mateso yasiyomfaa. Wa pili aweza kumnyima msaada ambao ungemponya. Afadhali aitwe yule aliyemtekea maji na kumpa uji kila siku, hata akiwa mkwe au mjukuu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona.

4. Kipimo si hukumu

Kule Alberta, Kanada, waliangaliwa wagonjwa mahututi 421 wenye miaka 50 na zaidi, na habari zao zikatangazwa mwaka 2014. Katika waliodhoofika, 32 kwa kila 100 walifia hospitalini. Katika wengine, 16. Tofauti ni kubwa. Hata hivyo, katika kila 100 waliodhoofika, 68 walitoka hospitalini wakiwa hai. Tena mwaka 2017 zilitangazwa habari za wagonjwa zaidi ya 5,000 wenye miaka 80 na zaidi katika nchi 21 za Ulaya. Waliodhoofika walikuwa kama 43 kwa kila 100. Yaani hata katika umri huo wengi hawakuhesabiwa kuwa wamedhoofika.

Kipimo chaweza kutumiwa vibaya pia. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, kilitiwa katika maagizo ya hospitali huko Uingereza. Watu walilalamika, kwa kuwa aliyezaliwa na ulemavu na kuhitaji msaada siku zote angehesabiwa dhaifu, ingawa mwili wake una afya. Baada ya siku chache maagizo yalisahihishwa: kisitumiwe kwa walio chini ya miaka 65, wala kwa wenye ulemavu wa siku zote.

Basi tukumbuke: kipimo chapima akiba ya mwili, hakipimi thamani ya mtu. Mzee wa ngazi ya 8 alibatizwa kwa jina lile lile alilobatizwa kijana wa ngazi ya 1. Ikiwa mashine haitamfaa, bado astahili kutulizwa maumivu, kuoshwa, kushikwa mkono, kuombewa na kupewa Chakula cha Bwana akiweza kukipokea. Hivyo ndivyo Daudi alivyomtendea Barzilai: aliyakubali maneno yake, naye hakuacha kumheshimu.

Tena tusingoje chumba cha mahututi. Barzilai alisema mwenyewe angali na kinywa. Tuwaulize wazee wetu sasa, wakiwa wameketi kwao barazani, wapenda nini siku nguvu zitakapokwisha.

Maswali kwa waalimu na wazee wa usharika

1. Kwa nini miaka ya Kalebu na Barzilai haitoshi kutuonyesha nguvu zao?
2. Kwa nini daktari huuliza habari za wiki mbili kabla ya ugonjwa?
3. Amri ya nne na ya nane zatufundisha nini tunapoulizwa habari za mzazi mgonjwa?
4. Ni mzee gani katika usharika wako ambaye dalili zile tano zaonekana kwake, naye hajatembelewa mwezi huu?