SOMO LA AFYA: MADHARA YA KUTOA MIMBA KWA SIRI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, somo hili huonewa haya majumbani, na haya hiyo imewazika wasichana. Hukumu yake tunaisoma katika fiqhi: baada ya siku 120, roho inapopulizwa, kutoa mimba ni haramu, ila pale uhai wa mama unapokuwa hatarini. Leo tuangalie mwili unapatwa na nini, na tumwokoe vipi aliyekwisha kufikwa.

Nini hutokea mwilini

Mimba imejishikiza kwenye mfuko wa uzazi kwa kondo la nyuma, lenye mishipa mingi ya damu. Inapotolewa na asiye na ujuzi, au mahali pachafu, hutokea haya:

1. Kutokwa na damu nyingi. Mabaki yakisalia ndani, mfuko haukazi vizuri na mishipa huendelea kuvuja. Mwenye upungufu wa damu huzidiwa haraka.

2. Uambukizo. Vifaa vichafu huingiza vijidudu. Vikienea katika damu, figo na viungo vingine hushindwa kazi. Pepopunda nayo huweza kuingia kwa njia hii.

3. Kutoboka. Kitu chenye ncha huweza kutoboa mfuko wa uzazi na kujeruhi utumbo au kibofu. Hapo huhitajika upasuaji mkubwa, na pengine mfuko wenyewe huondolewa.

4. Sumu. Mizizi, sabuni, au vidonge vilivyozidi kipimo huweza kuharibu ini na figo.

5. Madhara ya baadaye. Uambukizo huacha makovu katika mirija ya uzazi. Matokeo yake ni utasa, maumivu ya kudumu, au mimba kutunga nje ya mfuko.

Tuseme kweli: madhara haya hutokana zaidi na njia mbovu na kuchelewa kutibiwa. Daktari anapolazimika kuitoa mimba hospitalini kwa njia sahihi ili kumwokoa mama, hatari huwa ndogo. Tena, si kila anayetokwa na damu ametoa mimba. Mimba nyingi huharibika zenyewe, na dalili hufanana. Basi tusimhukumu mgonjwa.

Kuchelewa ndiko kunakoua

Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa Tanzania. Wanawake 66,600 walitibiwa matatizo yake katika vituo vya afya. Wengine karibu 100,000 walipata matatizo wasipate matibabu. Mtu huogopa polisi, maneno ya majirani au ukali wa baba, akajifungia chumbani huku damu inamwisha. Na tiba ipo: kusafishwa mfuko wa uzazi, dawa za kuua vijidudu, maji ya mshipani na kuongezewa damu.

Mkimbizeni hospitali upesi mkiona:

(a) damu inayolowesha pedi mbili kwa saa, kwa saa mbili mfululizo;
(b) homa au kutetemeka;
(c) uchafu unaonuka ukeni;
(d) maumivu makali ya tumbo;
(e) kizunguzungu au kuzirai.

Mwelezeni daktari ukweli wote, hata jina la dawa iliyonywewa, ili atibu kwa uhakika.

Wajibu wetu

Ewe mwanafunzi, rafiki yako akikueleza siri hii naye anaumwa, mwambie mtu mzima mnayemwamini siku hiyo hiyo. Kuificha si amana, ni kumwacha afe.

Mzazi, binti yako na ajue kuwa anaweza kukueleza jambo zito kabla hajalipeleka kwa mganga wa mtaani. Mimba si mwisho wa masomo: tangu Novemba 2021, Tanzania Bara imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Na kijana wa kiume aliyehusika asiachwe kana kwamba hayamhusu.

Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 32, inatufundisha kuwa kuiokoa nafsi moja ni kama kuwaokoa watu wote. Nafsi hiyo huenda ikawa ya dada yako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mabaki ya mimba husababisha damu kuendelea kutoka?
2. Taja dalili tatu za hatari.
3. Utafanya nini rafiki yako akiwa na dalili hizo?

Allah atuhifadhie mabinti zetu na atupe moyo wa huruma. Aamin.