Mtu Asiyeona Ataingiaje Katika Makumbusho ya Skrini?

Somo letu la leo linahusu makumbusho. Sisi wa Buzuruga hatuna haja ya kwenda mbali kuyatafuta. Ukipanda daladala ya Kisesa katika barabara ya Musoma, utapita Igoma, na ukishuka Kisesa basi Bujora si mbali. Huko ndiko yaliko Makumbusho ya Wasukuma. Kazi ya kuyaanzisha iliongozwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Yeye pamoja na wazee wa Usukuma walikusanya ngoma za watemi, zana za wahunzi, vifaa vya waganga na vitu vya vyama vya uchezaji vya Bagika na Bagalu. Mwezi wa Juni watu hukusanyika huko kwa sikukuu ya Bulabo, na hapo ndipo vumbi hutimka kweli kweli.

Sasa kuna jambo jipya. Makumbusho mengi duniani yanaonyesha vitu vyao kwa skrini, yaani kile kioo cha simu, cha kompyuta au cha televisheni. Picha na maelezo ya vitu vya Bujora navyo vimewahi kuwekwa katika intaneti. Mgeni anagusa kioo, picha ya ngoma inatokea, anasoma habari zake, na pengine anasikia mlio wake. Mtu aliye Ulaya anaiona ngoma ya mtemi bila kupanda ndege. Ni jambo jema.

Lakini hebu tujiulize. Kioo ni laini chote. Hakina kitufe cha kupapasa. Mtu asiyeona atajuaje mahali pa kugusa?

ANAKWENDA KUONA NINI?

Wako watakaosema, "Ah, mtu asiyeona anakwenda makumbusho kuona nini?" Tumelisikia neno hili mara nyingi, na hatukubaliani nalo.

Fikirini wazee wetu. Ni nani leo anayejua ngoma fulani ilipigwa siku gani, na ilikatazwa kupigwa siku gani? Ni mzee wa miaka 80. Na mzee huyo huyo ndiye aliyeingiwa na mtoto wa jicho. Masikio yake yamekuwa mazito. Magoti yake yanakataa ngazi. Tukitengeneza maonyesho ambayo mzee huyo hawezi kuyatumia, tumemfungia nje mwenye mali. Tena tumejinyima wenyewe, kwa sababu angesikia maelezo yale angetuambia, "Hapa mmekosea."

Wala watu hawa si wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba hapa Tanzania, katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, watu kama 11 wana ulemavu wa aina fulani. Na haki yao imeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 30, unataja makumbusho kwa jina lake. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo mtu asiyeona akifika mlangoni haombi hisani.

MANENO YANAYOBEBA PICHA

Simu janja nyingi za siku hizi zina programu ya kusoma skrini kwa sauti. Imo ndani ya simu, hainunuliwi. Mtu asiyeona anapitisha kidole juu ya kioo, na simu inamtajia kila kilichopo chini ya kidole chake. Kiswahili nacho kinasomwa. Matamshi yake wakati mwingine yanachekesha kidogo, lakini yanaeleweka.

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Programu hiyo inasoma maneno. Ikifika kwenye picha, inatafuta maneno yaliyofichwa nyuma ya picha hiyo. Kama aliyeiweka hakuandika kitu, simu itasema tu, "Picha," halafu itapita. Yule mzee atabaki amekaa na neno moja: picha. Picha ya nini? Hajui.

Basi ni lazima mtu akae aandike maelezo. Tutoe mfano. Mtu mmoja ameandika: "Ngoma ya zamani, nzuri sana." Je, umeiona? Hata sisi wenye macho hatukuiona. Mwingine ameandika hivi:

"Ngoma kubwa ya mti, inafika kiunoni mwa mtu mzima. Imechongwa katika gogo moja. Juu ni pana, chini inapungua. Mdomo umewambwa ngozi ya ng'ombe, bado ina manyoya meusi pembeni. Ngozi imeshikwa kwa vijiti vifupi. Katikati imechakaa na kung'aa, mahali ilipopigwa."

Huyu wa pili ametufikisha. Ametaja kimo kwa kupima na mwili wa mtu. Ametaja kitu imetengenezwa kwa nini. Ameanza na umbo zima, akaingia kwenye sehemu zake. Hakusema "nzuri", maana uzuri kila mtu ataamua mwenyewe.

Siku hizi ziko pia programu zinazojaribu kueleza picha zenyewe. Zinaweza kusema, "Ngoma ya mbao." Lakini jina la Kisukuma la ngoma hiyo hazilijui, wala hazijui iliitwa kwa msiba au kwa mavuno. Hayo anayajua mtu wa Kisesa, wa Magu, wa Misungwi. Na mtu huyo, kama amehitimu kisomo na anajua kuandika sentensi kumi zilizonyooka, anaweza kuifanya kazi hii. Haihitaji shahada. Inahitaji kuangalia vizuri na kuuliza wazee.

WENGINE JE?

Si wote wenye shida ya macho ambao hawaoni kabisa. Ndugu zetu wenye ualbino wengi wao wanaona, ila kwa karibu na kwa taabu, na mwanga mkali unawaumiza. Katika Shule ya Msingi Mitindo, kule Misungwi, watoto wenye ualbino wamesoma pamoja na wasioona. Watoto kama hao wanataka herufi kubwa, na rangi ya herufi iachane sana na rangi ya nyuma yake. Kanuni za kimataifa za kurasa za intaneti, toleo la mwaka 2008, zinataka tofauti ya mwanga isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi tupu juu ya nyeupe tupu ni 21 kwa 1. Herufi za kijivu juu ya rangi ya udongo zinapendeza kwenye macho ya mchoraji, lakini hazisomeki. Tena kioo kisiwekwe kikitazamana na dirisha, maana jua letu la mchana litakifanya kuwa kioo cha kujitazamia.

Kwa viziwi, vidio iandikwe maneno yake chini. Lakini maneno peke yake hayatoshi. Viziwi wengi wa vijijini hawakupata shule, na lugha yao ni ya alama. Basi awepo mtu katika vidio anayeeleza kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Na msidhani kiziwi hana haja na ngoma. Mwekee kiganja juu ya ngozi, mwingine apige: mtetemo unapanda mpaka kifuani.

Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji nafasi ya magoti chini ya meza ya kioo, kama sentimita 70, na vya kugusa visizidi sentimita 120 kutoka chini. Fundi seremala anaelewa mara moja. Neno la mwisho katika hili ni lugha nyepesi. Sentensi fupi zinamsaidia mwenye ulemavu wa akili, na zinatusaidia hata sisi wengine. Ndiyo maana magazeti ya wahitimu wa kisomo hayaandikwi kama hukumu ya mahakama.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Tukitazama nchi alikotoka Padri Clement, katika mji wa Winnipeg, Kanada, kuna makumbusho ya haki za binadamu yaliyofunguliwa mwaka 2014. Huko, kando ya skrini za kugusa, wameweka kibao kidogo chenye vitufe vya kupapasa na tundu la kuchomeka spika za masikioni. Mtu asiyeona anabonyeza kitufe, skrini inamsomea. Mwenye macho hafifu anabonyeza kingine, herufi zinakua. Jambo la kuiga ni kwamba walifikiri hayo kabla ya kujenga. Kubomoa meza iliyokwisha jengwa ni gharama. Kuipima vizuri mwanzoni ni bure.

Lakini tuseme ukweli wetu pia. Umeme ukikatika, skrini imekufa. Kwa hiyo kando yake iwekwe ngoma ya kuigiza, iliyochongwa na fundi wa hapa hapa, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuishika. Ile ya mtemi ibaki imehifadhiwa, isichakazwe na mikono. Kwa maoni yetu hii ya kushika ingetangulia, skrini ifuate.

ZOEZI LA KIKUNDI

Chagueni kitu kimoja cha zamani kilichopo nyumbani: kigoda, kibuyu, jembe la mhunzi. Mmoja akieleze kwa maandishi, sentensi sita, bila kutaja jina lake. Kisha msomeeni mzee ambaye macho yake yamefifia, na mwulizeni ni kitu gani. Akishindwa, andikeni upya. Akikitambua, mwulizeni ni jambo gani mmeliacha, na muliandike kwa maneno yake mwenyewe.