Kompyuta Ikisema Diski Haipo, Msikimbilie Kufomati



Vikundi vingi vya huku kwetu kandokando ya ziwa siku hizi havitegemei daftari peke yake. Hisa, mikopo na faini zimeingizwa kwenye kompyuta. Vingine vimeendelea zaidi: kuna kompyuta moja inayokaa ofisini bila kuzimwa, na mweka hazina na katibu kila mmoja anafungua vitabu vilivyo ndani yake kutoka kwa mashine yake, kwa waya au kwa waifai. Kompyuta ya namna hiyo ndiyo huitwa seva. Si lazima iwe kubwa. Hata ile ya kawaida ya mezani inaweza kufanya kazi hiyo.

Somo letu ni juu ya asubuhi moja mbaya. Tuseme stima ilipotea usiku kwa mvua ya radi, ikarudi alfajiri. Mweka hazina anafungua vitabu kama kawaida, na mashine inamwambia mahali hapo hapapatikani. Anaenda kwenye seva yenyewe. Diski D, ambamo vitabu hukaa, haionekani. Au inaonekana, lakini akiigusa anaulizwa kama anataka kuifomati kwanza kabla ya kuitumia. Na siku yenyewe ni ya kugawana akiba ya mwaka. Akina mama wameshaanza kufika, wengine wamekopa nauli ya matatu wakijua watarudi na kitu mkononi.

Hapo ndipo hesabu za watu hupotea. Mtu ana haraka, watu wanamtazama, anabonyeza "Format" akidhani ndiyo njia ya kufungua. Kumbe vitabu vilikuwa bado vimo ndani.

Ili tuelewe kwa nini, tulifikirie shamba. Mzee alikuwa na wana watatu, akagawanya shamba moja vipande vitatu. Ukisimama barabarani unaona shamba moja, lakini kuna mawe ya mpaka, na mipaka hiyo imechorwa kwenye ramani. Diski ni hivyo hivyo. Chuma ni kimoja, lakini ndani kimegawanywa vipande, na mafundi huviita patisheni. Kipande kimoja hubeba Windows yenyewe. Kingine hubeba vitabu vyenu. Ramani ya vipande hukaa mwanzoni kabisa mwa diski.

Ramani hizo ni za aina mbili. Ya zamani huitwa MBR: ina nafasi ya vipande vikuu vinne tu, na kwa kawaida haiwezi kupima zaidi ya terabaiti 2. Ya kisasa huitwa GPT. Hiyo katika Windows hubeba vipande 128, tena huweka nakala yake mwishoni mwa diski. Kwa hiyo kama mmenunua diski ya terabaiti 4 na kompyuta inawapa 2 tu, msiende kugombana na mwenye duka. Huenda iliwekewa ramani ya zamani.

Sasa, ramani ikichanika, je, mahindi yamekufa shambani? Hapana, bado yamesimama. Kinachokosekana ni karatasi ya kusema mpaka uko wapi. Lakini kufomati ni kupeleka plau. Ile fomati ya haraka hufuta orodha ya vitu vilivyomo, na vitabu hubaki chini bila wa kuvitaja, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yao. Ile fomati ndefu, tangu Windows Vista iliyotoka 2007, huandika sufuri diski nzima, na baada ya hapo hakuna fundi wa kuwasaidia. Na kama diski yenu ni ya aina ya SSD, hata ile ya haraka ni hatari, kwa sababu diski yenyewe huanza kusafisha nafasi iliyoambiwa ni tupu.

Basi jibu la swali lile la kufomati ni moja: "Cancel". Hata mara kumi.

Tuje kwenye herufi. Watu huuliza, mbona diski zinaanzia C? A na B zilikuwa za zile diski laini za zamani. Kompyuta ya kwanza ya IBM ya mezani, iliyotoka 1981, haikuwa na diski ngumu ndani. Ilipokuja, herufi mbili za kwanza zilikuwa zimeshachukuliwa. Diski laini zimekwisha, lakini C haikurudi nyuma.

Jambo ambalo ningependa kila katibu aliandike ni hili: herufi haikai kwenye diski. Inakaa kwenye kompyuta, ndani ya kumbukumbu za Windows. Ni kama ile namba ambayo mlinzi wa lango humpa mgeni. Hapa umepewa D, ukienda boma lingine utapewa F, na wewe ni yule yule. Jina, ambalo unaweza kuliandika mwenyewe, ndilo hukaa kwenye diski na kusafiri nayo. Ndiyo maana diski ikihamishwa mashine nyingine, au Windows ikiwekwa upya, au flashi ikichomekwa kabla ya diski ya nje, herufi zinaweza kubadilishana. Na seva haiulizi. Mlipoiambia vitabu viko D, itaenda D tu, hata kama D leo ni kitu kingine au haipo kabisa.

Shida ya herufi inayoniogopesha zaidi ni ile isiyopiga kelele. Tuchukue mfano. Kikundi kimepanga vizuri: kila jioni saa kumi na mbili seva inanakili vitabu kutoka D kwenda kwenye diski ya nje, ambayo ni E. Siku moja diski ya nje imechomolewa. Mtu anachomeka flashi yenye picha za matanga, flashi inapewa E. Diski ya nje inaporudishwa inapata F. Jioni ikifika, programu inanakili kwenda E kama ilivyoagizwa. Majina ya wanachama, namba za vitambulisho, nani anadaiwa nini, yote yameingia kwenye flashi ambayo kesho itaondoka mfukoni mwa mtu. Diski ya nakala imebaki na hesabu za mwezi uliopita, na taa yake inawaka vizuri kabisa. Hakuna atakayejua mpaka siku ya shida.

Sasa tuingie kazini. Kwanza pigeni picha ya skrini kwa simu, jinsi ilivyo. Fundi akija atataka kujua kilichoonekana kabla hamjagusa kitu. Kisha mtu mwenye ruhusa ya msimamizi abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, aandike diskmgmt.msc, abonyeze Enter. Dirisha litafunguka: juu orodha ya vipande, chini masanduku marefu, kila diski na mstari wake, Disk 0, Disk 1, na kuendelea. Kipande kilichopimwa huwa na utepe wa buluu. Sehemu isiyo na mwenyewe ina utepe mweusi. Pengine dirisha litakapofunguka tu litawauliza kama mnataka kuanzisha diski, kwa neno "Initialize". Kama diski hiyo ilikuwa na vitabu, jibu ni lile lile, "Cancel".

Tazameni kwa utulivu. Kama kipande chenu kipo, ukubwa wake ndio ule mnaoujua, kimeandikwa NTFS na "Healthy", ila hakina herufi au kina herufi ngeni, pumueni. Mchongoma huo mnaweza kuuondoa wenyewe. Bonyezeni kipande hicho kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagueni mstari unaosema kubadilisha herufi, mrudishe ile ya zamani. Kama hiyo herufi haimo kwenye orodha, maana yake kuna kitu kimeikalia, mara nyingi flashi. Itoeni kwanza. Halafu zimeni seva na kuiwasha tena, kwa sababu vitabu vinavyotumiwa na mashine nyingine hutafutwa wakati seva inawaka, na kama wakati huo D haikuwepo, wengine hawataviona hata baada ya herufi kurudi. C msiiguse kamwe.

Kama upande wa kushoto, penye jina la diski, pameandikwa "Offline", diski imefikiwa ila imewekwa pembeni. Windows za seva hufanya hivyo mara nyingine diski inapotoka mashine nyingine. Bonyezeni jina hilo kwa kitufe cha kulia, chagueni "Online". Ikikataa, acheni.

Kama diski haionekani hata kidogo, angalieni waya kabla ya kulaumu diski. Waya wa diski ya nje ni wa kubadilisha kwa shilingi chache, na huchoka haraka kuliko diski yenyewe.

Lakini mkiona pale penye NTFS pameandikwa "RAW", au penye vitabu pamekuwa utepe mweusi, au mkisikia diski ikigonga tak-tak-tak kama saa mbovu, kazi yenu imeisha. Zimeni. Msijaribu kuirekebisha kwa amri ya chkdsk mliyoambiwa na mtu. Amri hiyo, ikiagizwa kurekebisha, huandika juu ya diski, na ikikuta diski mgonjwa inaweza kuharibu kilichokuwa kimebaki. Fundi anayejua kazi atafanya kwanza nakala ya diski nzima, ikitoka kipande kwa kipande kwenda diski nyingine, ndipo atafute mipaka iliyopotea kwenye ile nakala. Kuna programu ya bure inayoitwa TestDisk ambayo inaweza kuisoma diski, ikaona patisheni zilianzia wapi, ikachora ramani upya. Muulizeni fundi swali moja kabla hajaanza: "Utanakili kwanza?" Akisema haina haja, chukueni diski yenu mwende kwa mwingine.

Tena msimwachie tu mtu yeyote mjini. Ndani mna namba za simu na vitambulisho vya wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahesabu ninyi mnaozihifadhi kuwa na wajibu. Mtu wa kikundi akae pale kazi ikifanyika, au fundi aandike na kutia sahihi kwamba ameipokea na hatabaki na nakala.

Kuzuia ni rahisi, na kunaweza kufanywa Jumamosi moja isiyo na mkutano. Windows hupenda kugawa herufi za mwanzo zilizo wazi, D, E, F, kwa kila kinachochomekwa. Kwa hiyo vitabu vyenu vipelekeni mbali: herufi M kwa mikopo, na N kwa diski ya nakala. Flashi ya mtu haitafika huko kwa urahisi. Mkishabadilisha, lazima pia mshiriki upya folda ya vitabu na mtengeneze agizo la nakala, maana bado yanaitafuta D. Ukiwa na programu ya hesabu iliyowekwa ndani ya D yenyewe, usibadilishe bila fundi, itakataa kufunguka. Halafu ipeni kila diski jina lake ndani, na mwandike jina hilo hilo kwa nje, kwenye plasta, kwa kalamu isiyofutika.

Nunueni pia ile betri ya yu-pi-esi. Kwetu hapa radi za jioni tunazijua, na hata bila radi stima inaweza kupotea nchi nzima, kama ilivyokuwa tarehe 25 Agosti 2023. Kompyuta ikikatika katikati ya kuandika, hapo ndipo orodha huharibika.

Na nakala moja isikae ofisini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita hata kile kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wakikitaja, maji yakaingia majumbani na kwenye biashara za ufuoni, Dunga ikiwa mojawapo. Diski mbili kwenye meza moja zinalowa pamoja. Moja ikae kwa mwanachama aliye juu, imefungwa kwa neno la siri, na ibadilishwe kila mwezi.

Daftari nalo msilitupe. Kila mwisho wa mkutano chapeni ukurasa mmoja wenye salio la kila mtu, mwenyekiti na mweka hazina watie sahihi. Siku ya kugawana, seva ikigoma, mama yule aliyekopa nauli atalipwa kwa karatasi hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano ujao: Seva yetu ina vipande vingapi, na kila kimoja kina herufi gani na jina gani? Nani ameandika hayo, na karatasi hiyo iko wapi? Nakala ya mwisho ilifanywa lini, na je, kuna mtu aliyeifungua kuona kama vitabu vimo kweli? Mweka hazina akiwa msibani, ni nani mwingine anayejua neno la siri la msimamizi? Kikundi kimoja kifungue nakala yake hapo hapo mbele ya wanachama, kisome salio la watu watatu, na kulinganisha na daftari.