Somo: Kusoma Saa ya Tiketi ya Ndege

Toka Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro hadi Dar es Salaam, kwa njia ya angani, ni kilomita 450 hivi. Ndege huchukua kama saa moja na robo tu. Hapo hakuna tabu. Tabu ipo kwenye tiketi.

Tuseme imeandikwa 07:00. Wengi wetu tutasoma saa 7 mchana, kumbe ni saa 1 asubuhi! Saa za tiketi huanzia usiku wa manane, zetu huanzia alfajiri. Basi tutoe 6:

7 − 6 = 1
14 − 6 = 8

Kwa hiyo 14:00 ni saa 8 mchana.

Tena toka Babati hadi kiwanjani ni zaidi ya kilomita 200 za barabara. Anayempeleka mgonjwa Muhimbili kwa ndege hiyo ya asubuhi, akalale Arusha.