Shibolethi: Neno Lililoua Ndugu

Maandiko: Waamuzi 8:1-3 na Waamuzi 12:1-6

Jumapili tulifungua Waamuzi 12, na wengi wenu mliniambia pale mlangoni kwamba sura hiyo hamjawahi kuisikia ikihubiriwa. Hata mimi sijawahi. Kitabu cha Waamuzi tunakijua kwa Samsoni, kwa Debora, kwa Gideoni na wale watu wake 300. Yeftha tukimkumbuka, ni kwa ile nadhiri iliyomponza binti yake. Lakini mara tu baada ya ile nadhiri kuna aya sita ambazo Mkenya yeyote aliyekuwa na umri wa kuelewa mambo mwaka wa 2008 hawezi kuzisoma haraka haraka.

Hebu tuzisome polepole. Halafu nitawaambia jambo nililolifanya mimi mwenyewe, kwa sababu siwezi kuandika somo hili nikijitoa ndani yake.

Yeftha ametoka vitani. Amewapiga wana wa Amoni, na Gileadi yote imeokoka. Mara watu wa Efraimu wanavuka mto na silaha mkononi. Sasa, Efraimu si wageni. Kitabu cha Hesabu kinamtaja Gileadi kuwa mjukuu wa Manase, na Manase na Efraimu ni wana wa Yusufu, baba mmoja mama mmoja. Malalamiko yao ni kwamba Yeftha alienda vitani bila kuwaita. Na tishio lao halina haya: watamchoma moto yeye pamoja na nyumba yake.

Mtu anaweza kuuliza, vita vimekwisha, adui amepigwa, kelele ni za nini tena? Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na hapa naona jambo wazi kabisa. Vita vya siku hizo vilikuwa na nyara, na vilikuwa na heshima. Aliyekuwepo vitani ndiye aliyeitwa wakati wa kugawa. Efraimu hawakulilia kazi iliyowapita, walililia mgao. Na siasa zetu mwajua zinavyokwenda: mtu wetu akiingia tumeingia sisi sote, akikosa tunaanza kuhesabu miaka mitano ya kukaa nje tukiangalia lami ikipita kwa wengine. Mahali ambapo mshindi anabeba kila kitu, kushindwa kunafanana na kufa.

Yeftha naye anajibu: niliwaita, hamkuja. Nani mkweli? Nimeisoma sura ya 11 mara nyingi. Hakuna mahali inasema aliwaita, na hakuna mahali inakanusha. Roho Mtakatifu ameacha hivyo tu. Kilichoandikwa ni idadi ya waliokufa, watu 42,000. Ukitaka kupata uzito wa hiyo namba fungua Hesabu 26:37, uone wanaume wa Efraimu waliohesabiwa kabla ya kuingia Kanaani walikuwa wangapi. Walikuwa 32,500.

Nikifika hapo nakumbuka ripoti mbili. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, tofauti ikiwa kama kura 230,000, na jioni hiyo hiyo Rais akaapishwa Ikulu. Upande mmoja ukasema tumeibiwa, mwingine ukasema tumeshinda. Baadaye Tume ya Jaji Kriegler ikauchunguza uchaguzi ule, ikasema hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Tume ya Jaji Waki ikahesabu waliouawa: 1,133. Yaani lile swali lililotufanya tuuane halina jibu mpaka leo, lakini makaburi yanahesabika.

Na wengine mamia ya maelfu walihama makwao. Reli ikang'olewa Kibera, mafuta yakaadimika mpaka Uganda. Uchumi uliokuwa umekua kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata, na hiyo maana yake ni vibanda vilivyofungwa na karo zisizolipwa. Watu hupenda kusema Kenya haijawahi kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ni kweli. Lakini kwa miezi miwili tulikuwa mlangoni, mkono uko kwenye komeo.

Efraimu walitishia kuchoma nyumba ya Yeftha. Kwetu iliyochomwa ilikuwa nyumba ya Mungu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto likiwa na watu waliokimbilia ndani, wengi wao akina mama na watoto. Kanisa la Kipentekoste, wapendwa, kama hili letu.

Aya ya 4 ina kitu ambacho wasomaji wengi hukiruka. Kabla ya upanga kulikuwa na jina. Efraimu walikuwa wamewaita Wagileadi watoro, watu wasio na kwao. Sisi tulikuwa na "madoadoa". Mtu akishaitwa doa, kumwondoa kunaonekana kama usafi. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilipotoa orodha ya maneno ya uchochezi mwaka 2022, neno hilo lilikuwemo bado.

Halafu tunafika kwenye vivuko. Wagileadi wakavishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka akaambiwa aseme Shibolethi. Ni neno la kawaida tu, linaweza kuwa na maana ya suke la nafaka. Shida ni kwamba ulimi wa Efraimu haukuwa na ile "sh". Mtu akasema Sibolethi, akauawa hapo hapo. Fikiria kufa kwa sababu ya sauti moja ambayo mama yako hakukufundisha.

Mwishoni mwa Januari 2008 nilikuwa Nakuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Mama alinituma unga. Vijana walikuwa wameweka mawe na matairi barabarani, na kila anayepita anaulizwa kitambulisho. Mimi sikuwa nacho bado, kwa hiyo nikaambiwa nitaje vitu fulani kwa lugha ya nyumbani. Nikavitaja. Mmoja akacheka, akanipiga begani, akasema pita, huyu ni wetu. Nyuma yangu kulikuwa na mwanaume wa makamo amebeba mfuko wa nailoni. Nilisikia akiulizwa. Sikugeuka kuangalia. Nilifika nyumbani na unga, mama akamshukuru Mungu, tukapika ugali tukala. Yule mtu sijui kama alipita. Jambo hili sijawahi kulisema madhabahuni.

Sasa rudi nyuma kurasa chache mpaka Waamuzi 8. Miaka mingi kabla ya Yeftha, Efraimu hao hao walimjia Gideoni na malalamiko hayo hayo, kwamba hawakuitwa vitani, na walikuwa wakali vile vile. Gideoni angeweza kuwajibu vibaya na sisi tungemwelewa, kwa maana yeye ndiye aliyetoka na watu 300 usiku. Lakini alijishusha. Aliwaambia kazi yake ni ndogo ukiilinganisha na yao, na kwamba masazo ya zabibu za Efraimu yanashinda mavuno yote ya ukoo wake wa Abiezeri. Na hakuwa anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni Efraimu kweli waliowakamata Orebu na Zeebu, wakuu wa Midiani. Alitafuta kitu cha kweli na kizuri kuhusu watu waliomkasirikia, akakisema mbele yao. Hasira ikapoa. Aya tatu, na hakuna aliyezikwa.

Kinachoniuma kwa Yeftha ni kwamba alijua kuongea. Soma 11:12-28. Kwa mfalme wa Amoni, adui kabisa, alituma wajumbe mara mbili, akaeleza historia ya miaka 300, hoja baada ya hoja kama wakili. Kwa ndugu zake akatumia aya mbili, kisha akakusanya jeshi. Subira yake yote aliimalizia kwa wageni. Nadhani naijua sababu, ingawa hapa ni mimi ninayesema. Yeftha alikuwa amefukuzwa nyumbani na ndugu zake mwenyewe kwa ajili ya mama aliyemzaa. Mtu wa namna hiyo akisikia "mtoro", hasikii siasa. Anasikia utoto wake. Wako wengi kati yetu wanaobeba kitu cha namna hiyo, na wanasiasa wanajua mahali pa kubonyeza.

Sisi tulimpata Gideoni tukiwa tumechelewa. Kofi Annan alifika Nairobi Januari 2008, akakaa na pande mbili pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, na tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa sahihi. Waliokuwa nje wakapewa kiti. Katiba ya 2010 ikaendelea na njia hiyo: kaunti 47, angalau asilimia 15 ya mapato ya kitaifa kwenda kwao, na anayetaka urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Hicho kipengele cha mwisho nakipenda sana, maana kinamlazimisha mgombea kwenda kuongea na watu ambao hawasemi Shibolethi kama yeye. Sisemi tumepona. Mwaka 2017 watu walikufa tena. Lakini mwaka huo huo Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa urais, na hiyo maana yake ni kwamba aliye na malalamiko ana mlango wa kubisha kabla hajachukua jiwe.

Katiba hata hivyo haiingii kwenye simu yangu. Na kanisa letu tusilisifu sana. Mwaka wa 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, liliomba Wakenya msamaha kwa sababu viongozi wa makanisa walikuwa wamechukua pande. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, nikasema hao ni wazee, sisi tutakuwa tofauti.

Agosti 2022, kati ya siku ya kura na siku ya kutangazwa matokeo, nilitumiwa picha ya kuchekesha kuhusu watu wa upande ule mwingine. Sitaieleza hapa. Nilicheka, nikaifowadi kwenye kikundi cha WhatsApp cha ushirika wetu wa nyumbani. Watu wanane wakaweka vicheko. Mama mmoja akaondoka kwenye kikundi. Nikadhani ni simu imemsumbua.

Wiki tatu hakuonekana ibadani. Ya nne nikaenda kwake. Akanipikia chai, na sijui kama mimi ningempikia. Nikamuuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana. Halafu akaniambia, "Pasta, hayo maneno ulituma ndiyo walikuwa wanasema kabla waje kwetu. Hayo hayo. Nilikuwa nayasikia kwa duka, watu wanacheka, na mimi nacheka nao kidogo ili wasinione." Mwaka 2008 alikaa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru na watoto wake wawili, mdogo akiwa bado ananyonya. Nilimwambia hata mimi nilikuwa Nakuru. Akaniuliza nilikuwa mtaa gani. Nikamtajia, akanyamaza. Ndipo nikamweleza habari ya unga na ya yule mtu wa mfuko wa nailoni. Akauliza, "Na yeye?" Nikasema sijui. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Niliomba msamaha pale pale kwenye kikundi nilikotuma, kwa maandishi, bila kusema "kama kuna mtu nimemkwaza", kwa sababu nilijua nimemkwaza nani. Ndugu mmoja akanipigia usiku kuniambia najidhalilisha, ati ilikuwa utani tu na sisi ndio tulishinda. Nikamuuliza sisi ni nani. Mama yule alirudi ibadani, lakini kwenye ushirika wetu hakurudi. Anahudhuria ule wa mtaa mwingine. Ni haki yake, na mimi sijamsukuma.

Tarehe 10 Agosti 2027 tunapiga kura tena. Picha zimeshaanza kutumwa, nimeziona.

Kwa hiyo katika ushirika wa nyumbani wiki hii tusome sura hizi mbili kwa sauti, ya 8 kwanza, halafu ya 12. Badala ya maswali matano ya kila wiki tuchukue moja tu. Kila mmoja afikirie watu wa upande anaoupinga, atafute jambo moja la kweli na zuri juu yao, kama Gideoni alivyotafuta, alitaje mbele ya wenzake. Najua itakuwa ngumu. Mimi mwenyewe nilijaribu juzi na mke wangu, ikanichukua dakika kadhaa. Viongozi wa ushirika, tafadhali msimlazimishe mtu kusema alikuwa wapi mwaka 2008. Wengine wetu tulivuka, na wengine walizuiwa mtoni, na Jumapili tunakaa benchi moja.

Mama yule alinipa ruhusa ya kuandika habari zake bila jina. Nilimpelekea karatasi hizi azisome kabla hazijaenda kuchapishwa. Amesahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba alikaa kwenye hema miezi mitatu. Ilikuwa mitano.